Nembo Inayokua: Utambulisho wa Shirika la Watu Wenye Ulemavu Mjini Kamina

Utambulisho wa shirika ni mkusanyiko wa alama zinazomwezesha mtu kulijua shirika hilo kabla hajaingia ofisini mwake: jina, nembo, rangi, umbo la herufi, muhuri, kibao cha mlangoni, picha zinazochaguliwa, na hata namna jina linavyotamkwa redioni. Kwa shirika la hisani linalohudumia watu wenye ulemavu, kazi hii ina uzito wa pekee. Alama zake lazima ziwafikie watu wasioona, wenye uoni hafifu, viziwi, na wale ambao hawakupata kusoma. Zaidi ya hapo, kila alama inasema jambo fulani juu ya watu wanaohudumiwa, na watu hao ndio watakaobeba maana yake sokoni, shuleni na kanisani. Maana hiyo haitulii. Jina lililopendeza mwaka wa kuanzishwa huweza kuwa tusi baada ya kizazi kimoja, na ndiyo sababu wabunifu wengi leo huandaa utambulisho unaotarajia kubadilika tangu siku ya kwanza.

Kamina ni mahali pazuri pa kuipima kazi hiyo. Mji huu ndio makao makuu ya mkoa wa Haut-Lomami tangu Katanga ya zamani ilipogawanywa mwaka 2015, na kabla ya hapo ulijulikana zaidi kama njia panda ya reli: treni za Lubumbashi, za Ilebo na za Kabalo hukutana hapa. Watu huzungumza Kiluba nyumbani, Kiswahili sokoni na Kifaransa ofisini. Mkoa una maeneo matano, Kamina, Kaniama, Kabongo, Bukama na Malemba-Nkulu, na mwaka 2017 ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyokumbwa na mlipuko wa polio inayotokana na virusi vya chanjo vilivyobadilika. Mtoto aliyepooza mguu mwaka ule sasa yuko katika umri wa kwenda shule. Mzazi wake anayetafuta magongo au kiti cha magurudumu ana maswali ya msingi mbele ya kibao chochote: hawa ni serikali, ni parokia, au ni wale wanaopiga picha na kuondoka? Utambulisho mzuri humjibu kabla hajauliza.

Kazi huanzia kwenye jina, na hapo ndipo makosa huwa ghali zaidi. Mfano unaojulikana sana unatoka Uingereza. Mwaka 1952 kilianzishwa chama kilichokuja kuitwa The Spastics Society, cha kuwasaidia watu wenye mtindio wa ubongo. Jina lilitokana na neno la kitabibu la wakati ule. Baada ya miaka arobaini, neno hilo lilikuwa tusi la watoto shuleni, na mwaka 1994 chama kilijiita Scope, jina fupi lisilotaja ugonjwa wowote. Iliripotiwa kwamba baadhi ya watoto walianza kuligeuza hata jina jipya kuwa dharau. Hilo halikuwa kosa la wabunifu. Dharau iliyomo katika jamii haiondolewi na kibao kipya, na shirika linalobadili jina bila kubadili namna watu wanavyoonyeshwa na kupokelewa litalazimika kulibadili tena.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na Kongo, kwa sababu shirika lenyewe limefanya kazi nchini kwa miaka mingi. Handicap International lilianzishwa Lyon, Ufaransa, mwaka 1982, baada ya madaktari Jean-Baptiste Richardier na Claude Simonnet kuwatengenezea miguu ya bandia wakimbizi wa Kambodia waliokatwa viungo na mabomu ya ardhini. Mwaka 1992 lilikuwa miongoni mwa mashirika yaliyoanzisha kampeni ya kupiga marufuku mabomu hayo, kampeni iliyopata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1997. Hata hivyo, miaka ilivyopita, jina lililotaja kasoro ya mwili liliwaumiza wengi, hasa wanaozungumza Kiingereza, na halikueleza tena kazi yote. Januari 2018 mtandao mzima ulichukua jina Humanity & Inclusion, pamoja na nembo ya kiganja cha mkono ambamo zinasomeka herufi mbili, hi. Hatua ya kufaa kuigwa ni hii: vyama vya nchi kama Ufaransa na Ubelgiji, ambako jina la zamani lilikuwa limeshika mizizi kwa wachangiaji, viliendelea kulitumia chini ya nembo mpya. Mkono ule ule uliunganisha majina mawili.

Mashariki mwa Kongo kuna majina yaliyofaulu bila mbunifu wa kulipwa. Goma kuna kituo cha watu wenye ulemavu kiitwacho Shirika la Umoja. Bukavu kuna Heri Kwetu. Hakuna kati ya hayo mawili linalotaja kiungo kilichokatika wala jicho lililopofuka. Moja linataja ushirikiano, lingine nyumba yenye neema, na mama wa kijijini huyashika kwa kuyasikia mara moja. Shirika la Kamina lingefanya vyema kufuata njia hiyo: jina la neno moja au mawili, linalotamkika sawasawa na mtu wa Kaniama na mtu wa Malemba-Nkulu, lililoulizwa kwa wazee wa Kiluba ili lisije likawa na maana ya aibu katika lugha yao. Maelezo marefu ya Kifaransa yanaweza kuandikwa chini yake kwa herufi ndogo, kwa sababu barua zitakwenda kwa gavana na kwa wafadhili. Sheria ya Kongo namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022, inayolinda haki za watu hawa, inatumia msamiati wa mtu anayeishi na ulemavu, na ofisi nyingi hufupisha kwa herufi PVH. Kifupi hicho kinafaa kwenye faili. Kwenye kibao cha mtaani hakimwambii mtu kitu, na kumwita binadamu kwa herufi tatu ni ubaridi usio wa lazima.

Baada ya jina huja nembo. Ile inayojulikana kuliko zote, mtu aliyeketi kwenye kiti cha magurudumu, ilichorwa mwaka 1968 na Susanne Koefoed, mwanafunzi wa ubunifu kutoka Denmark. Mchoro wake wa kwanza ulikuwa kiti kitupu, hakikuwa na mtu. Karl Montan, aliyeongoza kamati iliyouchagua, aliongeza duara juu ili kiwepo kichwa, na mwaka 1969 shirika la Rehabilitation International likaupitisha. Duara moja liligeuza chombo kuwa binadamu. Kuanzia mwaka 2010 hivi, huko Boston, Sara Hendren na Brian Glenney walianza kubandika juu ya vibao vya zamani mchoro wa mtu anayeinama mbele na kusukuma magurudumu mwenyewe. Mwaka 2014 jimbo la New York liliamua kwa sheria kwamba vibao vipya vitumie mchoro huo. Nao ukapata wapinzani: baadhi ya watu wenye ulemavu walisema unamsifu mwenye mikono yenye nguvu na kumsahau yule asiyeweza kujisukuma. Pingamizi lao ni la haki. Shirika linalohudumia viziwi, wenye ualbino, wasioona na watoto wenye ulemavu wa akili halina sababu ya kuweka kiti cha magurudumu kwenye nembo yake, hata kama mchapishaji anacho tayari kwenye kompyuta.

Kosa kubwa zaidi ni nembo ya huruma. Mwaka 1963 chama cha Uingereza cha watoto wenye usonji kilichagua kipande cha fumbo la picha, na ndani yake mtoto anayelia. Kilichorwa kwa nia njema na mzazi. Watoto wale walipokuwa watu wazima na kuanza kusema wenyewe, wengi walikikataa: hawakutaka kuonekana kama fumbo lililopungukiwa kipande, wala kama machozi. Chama hicho kilikiacha zamani, lakini kipande cha fumbo kilikuwa kimekwisha kusambaa kwenye mashirika mengine duniani, na hadi leo kinapingwa. Waliochorwa hawakuulizwa; kungekuwa na mkutano mmoja nao, kazi ya miaka mingi ya kusahihisha isingehitajika.

Kamina haihitaji kuazima alama za Boston wala London. Waluba wana lukasa, kibao cha mbao kinachoenea mkononi, chembamba katikati, chenye shanga, vipande vya kome na michoro iliyochongwa. Watu wa chama cha Mbudye walikishika kwa mkono wa kushoto na kupitisha kidole cha mkono wa kulia juu ya shanga huku wakisimulia habari za wafalme, safari na mipaka. Mary Nooter Roberts na Allen F. Roberts, watafiti waliotayarisha maonyesho na kitabu kuhusu kumbukumbu katika sanaa ya Waluba mwaka 1996, walieleza kwamba usomaji wake hutegemea msomaji na tukio: shanga zinabaki mahali pake, masimulizi yanasogea. Huo ni utambulisho unaokua katika maana yake kamili, nao uliwepo katika nchi hii kabla ya reli. Tena husomwa kwa kidole, jambo ambalo nembo nyingi za kisasa za mashirika ya wasioona haziwezi. Haifai shirika kuichukua lukasa yenyewe na kuibandika kwenye fulana, kwa kuwa ilikuwa mali ya watu walioapishwa na wenye siri zao. Kanuni yake ndiyo inayofaa: alama chache zilizotulia, zinazogusika, na nafasi ya wazi ya kusimulia upya.

Usomekaji una vipimo vyake, na hapa mambo ya ladha yanakaa nyuma. Kanuni za kimataifa za tovuti zinadai tofauti ya mwanga kati ya maandishi na mandhari yake isipungue 4.5 kwa 1, na 3 kwa 1 kwa herufi kubwa. Njano juu ya buluu nzito hupita kwa urahisi. Kijivu cha kupendeza juu ya nyeupe, ambacho wabunifu wa mijini hukipenda, mara nyingi hushindwa. Nyekundu na kijani zisiwekwe kubeba maana mbili zinazopingana, kwa kuwa wapo wanaume wasiozitofautisha. Watu wenye ualbino, ambao karibu wote wana uoni hafifu na huumizwa na mwanga mkali, hupata shida na karatasi inayong'aa, kwa hiyo karatasi isiyong'aa ni chaguo bora. Kuhusu herufi, taasisi ya Braille Institute ya Marekani ilitoa mwaka 2019 fonti iitwayo Atkinson Hyperlegible, ambamo herufi zinazofanana, kama I kubwa, l ndogo na tarakimu 1, zimetofautishwa makusudi. Inapatikana bure, na ina herufi zote ambazo Kiswahili na Kifaransa huhitaji.

Mfano wa bendera ya fahari ya watu wenye ulemavu unaonyesha jinsi sahihisho linavyoweza kuja haraka mahali watu wanaposikilizwa. Ann Magill, mwandishi wa Marekani mwenye ulemavu, aliichora mwaka 2019 ikiwa na mistari mitano ya rangi kali iliyopinda kama radi juu ya nyeusi. Ilipopitishwa kwenye skrini za simu, mistari ile ilionekana kumetameta, na watu wenye kifafa na kipandauso wakasema inawadhuru. Mwaka 2021 aliitoa upya kwa msaada wao: mistari imenyooka, rangi zimepozwa, mpangilio umebadilishwa ili wasiotofautisha rangi waione. Maana ya rangi ilibaki.

Asiyeona hulifikia shirika kwa sikio na kwa ncha za vidole. Kwa kuwa redio ndiyo inayofika mbali vijijini, tangazo linahitaji utaratibu wake kama nembo inavyohitaji rangi: jina hutamkwa kwanza na mwisho, sauti ni ile ile kila wiki, namba ya simu husomwa polepole mara mbili, kwa Kiswahili na kwa Kiluba. Kwenye kadi, jina linaweza kutobolewa kwa nukta nundu kwa kutumia kibao na kalamu yake ya chuma, kazi ambayo mtu asiyeona aliyesoma nukta nundu huifanya mwenyewe bila umeme. Viziwi nao wana desturi inayofaa kuheshimiwa: wao humpa mtu au shirika ishara ya jina. Shirika lisijitungie ishara hiyo ofisini. Lisubiri viziwi wa Kamina waitoe, kisha liipige picha na kuiweka kwenye karatasi zake kama sehemu halali ya utambulisho.

Nembo nyingi hufia kwenye vifaa. Mchora vibao wa mtaani hupaka bati rangi ya msingi, hungoja likauke, hupiga mstari wa chaki kwa uzi uliovutwa, huchora herufi kwa penseli, kisha hujaza kwa rangi ya mafuta na brashi isiyo nyembamba sana. Mstari wowote mwembamba kuliko brashi hiyo utapotea au utanenepa. Rangi zinazofifia polepole kutoka buluu hadi kijani, ambazo kompyuta huzifanya kwa sekunde moja, yeye hawezi kuzirudia, na akilazimishwa kila kibao kitatoka tofauti. Anachohitaji ni kiolezo kilichokatwa kwenye plastiki ngumu, chenye umbo la nembo katika vipande viwili au vitatu, na makopo mawili ya rangi yanayopatikana sokoni. Katanga ina historia ya wachoraji hodari, kutoka kwa Pilipili Mulongoy wa karakana ya Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, hadi Tshibumba Kanda Matulu aliyechora historia ya nchi kwenye turubai nafuu. Kumwita mchoraji mezani tangu mwanzo, badala ya kumkabidhi karatasi iliyokwisha kupitishwa Kinshasa au Ulaya, ni akili ya kawaida.

Vifaa vingine vina masharti yao. Muhuri wa mpira hujaa wino kwenye matundu madogo. Fotokopi huigeuza nembo yote kuwa nyeusi na nyeupe, na barua nyingi za kiofisi huishia hapo. Picha ya WhatsApp hukata pembe nne na kubakiza duara. Fulana hustahimili rangi mbili kwa gharama ya chini. Kitenge cha tarehe 3 Desemba, Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu, huhitaji mchoro unaojirudia bila kuchosha macho. Nembo inayopita kwenye muhuri na kwenye bati itapita kwingine kote, hivyo ni busara kuanza na hivyo viwili.

Picha za watu ni sehemu ya utambulisho kama ilivyo nembo, na ndizo zinazoumiza upesi zaidi. Mtoto anayetambaa vumbini, amepigwa picha kutoka juu, huleta pesa kwa muda na kumfuata mtoto huyo maisha yake yote. Kongo yenyewe imeonyesha sura nyingine. Staff Benda Bilili, wanamuziki wa Kinshasa ambao wengi wao walipata polio utotoni, walitoa albamu mwaka 2009, na filamu juu yao ikaonyeshwa Cannes mwaka 2010. Waliketi kwenye baiskeli zao za magurudumu matatu zilizopambwa, na kamera iliwatazama usoni. Kanuni ya shirika iandikwe wazi: picha hupigwa usawa wa macho, mhusika au mzazi wake anaeleweshwa kwa lugha yake itatumika wapi, anaweza kuikataa baadaye, na fundi viatu huonyeshwa akishona viatu.

Yote haya yakishakaa, linabaki suala la kubadilika kwenyewe. Harakati za Paralimpiki ni mfano wenye hatua zinazoonekana. Seoul mwaka 1988 zilianza na alama tano zilizotokana na umbo la jadi la Kikorea, zikapangwa karibu sawa na pete za Olimpiki. Kamati ya Olimpiki ilizilalamikia kwa kufanana, na kufikia mwaka 1994 zikapunguzwa kuwa tatu. Mwaka 2003 ilikuja mikunjo mitatu ya rangi nyekundu, buluu na kijani iitwayo Agitos, kutokana na neno la Kilatini agito, yaani ninasonga, na mwaka 2019 umbo hilo likarekebishwa kidogo. Kila hatua ilibakiza kitu cha hatua iliyotangulia, na mtazamaji hakupotea.

Shirika dogo linaweza kufanya hivyo kwa karatasi moja. Upande mmoja huandikwa yasiyobadilika bila mkutano mkuu: jina, umbo la nembo, rangi kuu moja. Upande wa pili huandikwa yanayoweza kubadilika kila mwaka: kaulimbiu, rangi ya pili, picha, mchoro wa kitenge, namna ya tangazo. Jina likiwa limo katika katiba ya shirika, kulibadili ni kubadili katiba hiyo, na karatasi hupanda hadi Wizara ya Sheria Kinshasa, kwa hiyo litazamwe mara chache na kwa sababu nzito. Uamuzi uwe mikononi mwa watu wenye ulemavu wenyewe, wakiwa wengi katika kamati na wakiwa na kura. Kuwaita waje kupiga makofi mbele ya nembo iliyokwisha chapishwa ni dharau, hata ikifanywa kwa upole. Wakati wa mpito, jina la zamani liandikwe chini ya jipya hadi vijiji vya mbali vizoee, karatasi zilizobaki zitumike ziishe, na muhuri wa zamani uharibiwe mbele ya mashahidi ili usije ukasaini barua ambazo shirika halizijui.

Kamina mvua huanza kati ya Septemba na Oktoba na kuendelea hadi Aprili, na rangi ya kibao cha nje huchakaa hata kama hakuna aliyepanga kuibadili. Kamati ikutane wakati wa kiangazi, Julai au Agosti, iisome ile karatasi kwa sauti, iwaulize wasioona na viziwi kwanza, kisha mchora vibao aitwe. Kibao kipya kiwe mlangoni kabla ya mvua, na kadi ziwe tayari kabla ya tarehe 3 Desemba.